Tulivyompa Jemadari Mama

Amri ilifika imelowa. Tarishi wa akida alikuwa amepanda mlima tangu alfajiri, mvua ikimpiga mgongoni, na ile karatasi yenye muhuri wa boma aliitia ndani ya kofia yake akidhani huko ndiko pakavu. Nilimpa kigoda na bakuli la uji, kisha nikaianika amri kwenye kamba juu ya moto, pamoja na kanzu yangu. Kwa hiyo mara ya kwanza niliisoma ikiwa inaning'inia, nami nimeinua shingo kama kuku anayekunywa maji.

Ilisema kwamba tangu mwezi ule shule zote, za serikali na za misheni, zifundishe kila Jumatatu maisha na maandishi ya jemadari mmoja wa Wadachi, marehemu, aliyempigania mfalme wao. Vililetwa pamoja nayo kitabu chembamba cha Kiswahili na picha ya jemadari mwenyewe ya kutundikwa ukutani. Siku ya kumbukumbu ya kifo chake, baada ya mavuno, Bwana Mkaguzi angepita kusikiliza. Shule ambayo watoto wake hawayajui maisha hayo, au ambayo haina watoto thelathini, ingefutwa, na watoto wakubwa wangepelekwa kubeba ulanga.

Ulanga ni yale mawe yanayong'aa, yanayobanduka ganda kwa ganda kama kitunguu. Wadachi waliyachimba kwenye milima yetu ya Uluguru, na watu wakayashusha kwa vichwa mpaka Morogoro kwenye gari moshi. Njia ni mteremko mtupu, na masika inateleza kama sabuni. Kila kijiji kilikuwa na mtu aliyerudi kutoka huko akiwa na shingo isiyogeuka.

Nilikuwa na watoto thelathini na wanne. Mrefu kuliko wote alikuwa mtoto wa dada yangu, mpwa wangu, mtoto mwenye kifua kibovu ambaye akipanda kilima kidogo tu unamsikia akihema kabla hujamwona. Lakini kwa macho ya mtu wa boma alikuwa na urefu wa mpagazi. Mwenye kuchagua angeanza na yeye, na dada yangu alilijua hilo, akawa ananiangalia kila jioni.

Mimi wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na kitu, kanzu mbili na majivuno ya watu kumi. Nilikuwa nimesoma pwani miaka miwili. Nilijua kuandika kwa herufi za Kizungu, nilijua kuamuru gwaride, na nilidhani kwamba mtu aliyejua hayo mawili hakubakiwa na mengi ya kujua.

Jumatatu ya kwanza nilitundika picha. Jemadari alikuwa mtu wa mashavu, mwenye masharubu yaliyopinda kama pembe za mbuzi, na kofia yenye ncha juu. Watoto walimpenda mara moja. Nikafungua kitabu, nikasoma. Kilianza na babake, kikaja kwa babu mzaa baba, kikaeleza mashamba ya baba, nyumba ya baba na upanga wa baba. Kisha vikaja vita. Mwishoni kulikuwa na maandishi yake mwenyewe: amri zake kwa askari, hotuba moja, na barua aliyomwandikia dada yake.

Jumanne walikuja watoto kumi na tisa. Jumatatu iliyofuata walikuja sita.

Nilidhani ni homa. Nikateremka mtoni, nikamkuta mama wa wanafunzi wangu wawili akiosha mihogo. Nikamwuliza watoto wako wapi. Hakuinua kichwa.

"Mwalimu," alisema, "tumeambiwa mnamwimba mtu asiye na mama."

"Ana mama! Kila mtu ana mama!"

"Basi mbona hatajwi? Kwetu asiyetajwa mama ni mtu wa kununuliwa. Wanangu hawawezi kumwimba mtu wa kununuliwa halafu wakaja kula kwangu."

Kwa msomaji asiye wa kwetu, niseme tu kwamba Uluguru mtu ni wa mama yake. Ukoo, ambao sisi tunauita lukolo, hutoka kwa mama. Shamba hutoka kwa mama. Anayekurithi jina si mwanao bali mtoto wa dada yako. Baba tunampenda sana, lakini ukimweleza mtu kwa babake peke yake hujamweleza bado. Nililijua hilo tangu nikiwa mgongoni. Miaka miwili ya pwani ilitosha kunisahaulisha, na ndiyo sababu hasira zilinipanda: nilikuwa nimekosea jambo ambalo mtoto wa miaka minne asingelikosea.

Nilikwenda kwa mjomba wangu nikiwa nimefura. Yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wa lukolo yetu, ndugu wa mama yangu, na ndiye aliyenilea. Shule ilikuwa juu ya ardhi yake, na nguzo za kwanza alizikata kwa mkono wake. Nilimkuta ameketi nje akisaga ugoro.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwalimu."

Aliniita mwalimu alipotaka kunifinya. Alipofurahi aliniita mwanangu.

"Mjomba, watu hawa ni wajinga. Watoto watabeba ulanga kwa sababu ya ujinga wa wazazi wao."

"Hm. Huyo mtu wenu mamaye nani?"

"Kitabu hakisemi."

"Kitabu chote?"

"Chote."

"Kuna farasi humo? Nimesikia kuna farasi."

"Wawili."

"Wametajwa majina?"

Ilibidi nikubali. Farasi wote wawili walikuwa na majina, tena ya kupendeza. Mjomba alicheka mpaka ugoro ukamwagika kwenye shuka lake, akawa anaupangusa na kuendelea kucheka. "Farasi ana jina, mama hana! Na wewe ukawasomea watoto wa Kiluguru hivyo hivyo, kavu kavu!" Nami, ingawa nilikuwa nimekuja kugomba, nilicheka pia. Alikuwa na kicheko cha kuambukiza, huwezi kusimama karibu nacho ukabaki na heshima yako.

Kisha akafuta macho, akasema tuwaite wazazi.

Walikuja Ijumaa baada ya swala, wakaketi kwenye uwanja wa shule, wanaume upande huu na wanawake upande ule. Niliwasomea ile amri, nikawaeleza habari ya ulanga. Nikawasomea na kitabu. Walisikiliza vita kwa adabu, kama mtu anavyosikiliza ndoto ya mwenzake. Lakini nilipofika kwenye barua ya jemadari kwa dada yake, wanawake walisogea mbele. Katika barua ile jemadari anamwuliza dada yake kama paa la nyumba limekwisha tengenezwa, anauliza watoto wake wanaendeleaje, kisha anamwambia ampeleke kwake yule mkubwa, atamlea na kumtafutia kazi, kwa maana mtoto wa dada hapaswi kuhangaika wakati mjomba yu hai.

"Aa," akasema bibi mmoja. "Huyu ni mtu."

Wengine wakaitikia kwamba kweli ni mtu, amelelewa. Nilianza kuona mwanga. Ndipo mzee mmoja wa mstari wa mbele akasafisha koo, akauliza swali ambalo lilikuwa la haki kabisa: "Basi mwalimu, huyo dada na huyo kaka, lukolo yao ni ipi?"

Mdomo huponza kichwa. Niliona watoto sita kwenye shule ya watoto thelathini na wanne, nikaona kifua cha mpwa wangu chini ya mzigo, nikasema: "Ni lukolo yetu."

Watu wote waligeuka kumtazama mjomba wangu.

Naomba mwelewe alikuwa mtu gani. Mjomba aliweza kutaja bibi zetu kizazi kwa kizazi mpaka yule wa kwanza aliyepanda mlima huu, na kila alipotaja alifumba macho ili asikosee. Watu walikuja kwake kutoka hata Mgeta kuamuliwa mipaka ya mashamba, kwa sababu tu hakuwahi kusema jambo la uongo. Sasa alikaa amefumba macho, na mimi nilitamani ardhi ipasuke.

"Bibi yangu alikuwa na mdogo wake," alisema hatimaye. "Alichukuliwa na watu wa misafara akiwa msichana, akichota maji. Walimpeleka pwani. Kaka zake walimfuata siku nne, wakarudi. Tunapotaja bibi zetu, tukifika kwake husema: hatukupata habari zake." Akafungua macho. "Pwani kuna merikebu. Merikebu huenda kwa Wadachi. Mimi sijui alikofika."

Zaidi ya hapo hakusema. Hakusema kwamba ndiye na hakusema kwamba siye. Lakini bibi mmoja alianza kulia, na wa pili, kisha wanawake wote wakamlilia yule msichana aliyekwenda kuchota maji, wakamlilia kama aliyepotea jana. Jumatatu watoto wote thelathini na wanne walikuwa darasani.

Tangu siku ile lile somo likawa tamu. Watoto walianza na bibi zetu, mmoja mmoja, wakafika kwa yule aliyechukuliwa, wakasema akavushwa bahari, akazaa, na mwanawe akazaa, mpaka akazaliwa jemadari na dada yake. Baada ya hapo walivipita vita mbio mbio, wakafika kwenye barua, wakaisoma polepole. Mpwa wangu ndiye aliyekuwa hodari kuliko wote. Akifika mahali pa mtoto wa dada na mjomba alinitupia jicho, nami nilijifanya natafuta chaki. Nilijua nimepanda uongo na unaota. Nikajipa moyo kwamba siku ya ukaguzi nitawaambia waanzie kwenye kitabu, na mambo ya lukolo yabaki kwetu.

Nilichosahau ni kwamba amri ilitutaka tuadhimishe siku ya kifo. Watu wangu hawakuhitaji amri ya kuwafundisha hilo. Aliyekufa akiwa wa lukolo yetu ana matanga yake, na matanga yana watani.

Bwana Mkaguzi alifika kwa machila, amebebwa na watu wanne waliotoka jasho mpaka kwenye nyusi. Alikuwa mtu mkavu, mpole wa sauti, mwenye Kiswahili safi kuliko cha akida aliyefuatana naye. Wazazi walikuwa wamejaa uwanjani, wanawake wamejifunga kaniki za msiba, na vibuyu vya togwa vimepangwa kivulini. Mkaguzi alitazama yale yote akaonekana kufurahi.

Watoto walisoma. Sijapata kufundisha tena watoto waliosoma vile. Walianzia kwenye kitabu kama nilivyowaagiza, wakataja baba, babu, upanga, farasi wote wawili, vita vyote, bila kukwama. Mpwa wangu akasimama akasema ile barua yote kwa kichwa, na alipomaliza Mkaguzi alisema, "Vizuri sana." Akaandika katika daftari lake. Nilimwona dada yangu kule nyuma ameshika mdomo kwa furaha. Ilikuwa imebaki kuimba wimbo wa mfalme tu, tuagane.

Ndipo tukasikia ngoma chini ya mteremko.

Mtani wetu alikuwa bibi wa lukolo ya ng'ambo ya mto. Sikupata kumjua mtu mwenye ulimi mkali zaidi, wala mwenye huruma zaidi. Katika kila msiba wetu alifika kutimiza kazi yake: kumwiga marehemu, kumtukana, kutuchekesha mpaka tupate nguvu ya kula. Siku ile alipanda kilima amevaa nusu ya kibuyu kichwani, ameichomeka kijiti juu kiwe ncha. Chini ya pua amejibandika masharubu ya ndevu za mahindi. Na katikati ya miguu ameupanda mchi wa kutwangia, anarusha teke kama farasi.

"Nani ananililia?" alipiga kelele. "Mimi jemadari! Mlafi mkubwa! Nimekula kuku wa dunia nzima, vitani nikajificha nyuma ya farasi! Farasi akaniambia, bwana, na mimi naogopa!"

Uwanja wote ukapasuka kwa kicheko. Wanawake walicheka huku machozi yakiwatoka, kama inavyopasa msibani. Akapita mbele ya picha akaipigia saluti kwa mkono wa kushoto, akaikoromea. Akida alimrukia, akamnyang'anya mchi, akamshika mkono.

Mkaguzi alikuwa amesimama. Sauti yake haikupanda hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha.

"Huyu mwanamke ni nani?"

Mpwa wangu alikuwa bado amesimama pale mbele, uso unang'aa kwa sifa alizopewa. Akajibu kwa heshima zote, akidhani swali la mtihani halijaisha: "Ni mtani wake, Bwana. Jemadari ni wa lukolo yetu." Akaanza kutaja bibi zetu, mmoja mmoja, vizuri kabisa, mpaka bahari na ng'ambo ya bahari.

Akida alikuwa ameshika kichwa. Mkaguzi akamwuliza mtoto, "Nani amekufundisha hayo?"

Nilifungua mdomo. Mjomba alikuwa amesimama kando yangu, na kabla sijatoa sauti alinikanyaga mguu kwa kisigino, kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo.

"Ni mimi, Bwana," alisema. "Mwalimu kazi yake ni kitabu, na kitabu umesikia, hakuna neno lililopungua. Ukoo ni kazi yangu mimi. Bibi huyu nimemwita mimi. Watoto nimewaambia mimi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu hapa kwetu, Bwana, mtu asiye na mama hatumlilii. Nanyi mlitaka aliliwe."

Siku hizi nikifikiri naona kwamba Mkaguzi hakuwa mtu mbaya. Lakini alikuwa na akida kando yake, askari nyuma yake, na shujaa wa nchi yake amefanywa mjukuu wa msichana aliyeibwa kisimani Uluguru. Akaandika tena. Kisha akasema watoto wanakijua kitabu, kwa hiyo shule itabaki. Huyu mzee atakwenda kubeba ulanga mwezi mmoja, apate kujua tofauti ya historia na hadithi.

Na mimi? Mimi nilinyamaza. Nimeandika kurasa hizi ili nifike kwenye neno hilo. Nilikuwa na kanzu safi na ulimi mrefu, na mdogo wa watoto wangu alikuwa na ujasiri kuliko mimi. Nilisimama na mguu wangu uliokanyagwa nikamwangalia mjomba akikunja shuka lake, akichukua kibweta chake cha ugoro, akimfuata askari. Alipopita mbele yangu alisema, "Kesho Jumanne, mwanangu. Fungua shule."

Siku ya kumi nilishindwa kuvumilia, nikashuka mpaka njia ya wapagazi. Walipita mmoja baada ya mwingine, na mjomba alikuwa wa tano, sanduku kichwani, miguu inatafuta pa kukanyaga. Nilitembea kando yake. Nililia waziwazi, sikuona haya.

"Mjomba, nipe. Nipe mimi."

Hakuweza kugeuza shingo kwa ajili ya mzigo, akawa anazungumza na njia iliyo mbele yake. "Watu wote husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wewe peke yako unauona mzito. Nani aliyekusomesha vibaya hivyo?"

"Nitakwenda bomani niseme kweli."

"Ukisema kweli shule inafutwa, na huyu mtoto wetu anakuja kusimama hapa nilipo. Mimi kifua changu kizima. Rudi, watoto wanapigana saa hizi, nakwambia."

Nilirudi. Walikuwa wanapigana kweli.

Mwezi ulipokwisha alipanda mlima taratibu, amekonda, kichwa kimeinama upande mmoja, na upande huo hakikuinuka tena maisha yake yote. Ndani ya shuka alikuwa amefunga bamba la ulanga, kubwa kama kiganja, lililovunjika pembe, ambalo wenye mali walilitupa. Alilipachika mwenyewe kwenye tundu la ukuta wa shule, upande wa mashariki, akazungushia udongo. Likawa dirisha. Asubuhi jua lilipenya pale likatua kwenye ubao, likiwa na rangi ya asali, na watoto waligombania kukaa karibu nalo.

Nilimwomba msamaha jioni ile. Alisema hana la kunisamehe, kwani mtoto akijikwaa mjomba ndiye ukuta. Lakini jambo moja lilimsumbua. "Yule bibi aliyechukuliwa," alisema. "Alikuwa na mahali pake, hata kama mahali penyewe ni kutopatikana. Mimi nimemhamisha. Nimempa safari ambayo siijui. Siku moja umrudishe." Nikaahidi. Kisha akaniomba nimsomee tena barua ya dada, kwa sababu alikuwa ameikumbuka njiani.

Vita vikaja, Wadachi wakaondoka. Picha ya jemadari ililiwa na mchwa kuanzia masharubu. Serikali nyingine ikaleta amri nyingine na picha nyingine, nami nikafundisha, nimekuwa mwangalifu zaidi. Ahadi yangu niliiweka kiporo. Kila mwaka nilisema mwaka ujao, na ukweli ni kwamba niliona haya. Watu walikuwa wameniamini, wakanikabidhi watoto wao.

Mjomba alifariki wakati wa masika, amelala, kibweta chini ya mto. Nilimlilia kama ninavyomlilia sasa ninapoandika. Siku ya kumaliza matanga nilipewa jina lake, kama desturi ilivyo, na nikaketi kwenye kigoda chake mbele ya watu wote. Yule bibi mtani alikuwapo, amezeeka, anashikiliwa na mjukuu, amepinda shingo upande mmoja na kujitwisha sanduku tupu, anapepesuka na kumtukana marehemu kwamba alikuwa mvivu. Tulicheka mpaka mbavu zikatuuma.

Kisha akasimama mpwa wangu. Alikuwa mtu mzima, mwenye watoto wake, kifua kimetengemaa. Hakuna aliyemwamuru. Alikunja mikono nyuma kama nilivyomfundisha darasani, akafumba macho kama alivyokuwa akifumba mjomba, akaanza kueleza maisha ya marehemu kuanzia kwa bibi zetu. Alitaja wote. Alipofika kwa yule msichana wa kisimani akasema akavushwa bahari, akazaa, na mwanawe akazaa, akazaliwa jemadari. Akafungua macho, akanitazama. Desturi ni kwamba mrithi aitikie: ndivyo.

Nilisimama.

"Sivyo," nilisema. "Sivyo, mwanangu. Jambo hilo nililitunga mimi. Niliogopa msije mkabeba ulanga, nikasema uongo, na mjomba akanibebea. Bibi yule hakuna ajuaye alikofika. Nimekaa kimya miaka yote hii. Mnisamehe."

Nilingoja kuzomewa. Yule bibi mtani aliweka sanduku lake chini, akanikazia macho.

"Umemaliza?" aliuliza. "Mwalimu, wewe kweli ulidhani tuliamini? Mtu mwenye pua ile? Mashavu yale?" Watu wakaanza kucheka polepole. "Tulitafuta njia watoto wetu warudi shule bila aibu. Mjomba wako akatupa. Tukaichukua."

"Lakini mlilia," nilisema. "Siku ile wote mlilia."

"Tulimlilia bibi," alisema. "Hakuwahi kuliliwa. Mzungu wako alitupatia nafasi tu."

Niliketi tena kwenye kigoda cha mjomba wangu. Mpwa wangu naye alikuwa akijipangusa uso kwa kanzu, kwa maana nadhani katika watu wote wa kilima kile ni yeye na wenzake wa darasani tu walioamini. Nikamwambia arudie, aanze mwanzo.

Akarudia. Alitaja bibi wa kwanza aliyepanda mlima, na waliofuata, mpaka akafika kwa yule msichana. Akasema alikwenda kuchota maji, akachukuliwa, kaka zake wakamfuata siku nne, na hatukupata habari zake.

Nikaitika: ndivyo.